Chanzo cha Kifo: Kuanguka

Mtu wa kwanza ambaye Edinah Nyakerario alimwandikia kifo cha uongo aliitwa Ogoti. Alikuwa amepigwa jembe kichwani na ndugu zake wawili kwa sababu ya mpaka wa shamba, na Riamoturi nzima ilijua hivyo kabla ya saa nne asubuhi. Edinah alikuwa na miezi mitano tu kazini kama naibu wa chifu. Alipofika katika boma lile alikuta maiti imelazwa juu ya majani ya mgomba, kichwa kimefungwa shuka, na shuka imelowa. Aliifunua akaona mfupa. Mama wa marehemu, ambaye pia ndiye aliyewazaa wauaji, alimwambia kwamba Ogoti alianguka kutoka juu ya mti wa avokado.

Edinah alimpigia simu mkubwa wake, Chifu Anyona. Chifu alimwambia asijifanye daktari. Kazi ya naibu, alisema, ni kuandika yale ambayo familia imesema. Akiandika kwamba mtu ameuawa, mambo yatamtoka mikononi: polisi watakuja, maiti itapelekwa kupasuliwa, vijana wawili watafungwa, na yule mama atakuwa amepoteza watoto watatu badala ya mmoja. Kabla ya hapo Edinah alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu aliyezoea kumsikiliza mwalimu mkuu. Alifungua kitabu cha vibali vya mazishi, akapeleka kalamu kwenye safu ya chanzo cha kifo, akaandika: kuanguka. Ogoti akazikwa kesho yake, na wale ndugu wawili wakawa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Riamoturi ni kata ndogo iliyo mbele ya Birongo, mahali ambapo Kaunti ya Kisii inaishia. Ukishuka bonde lenye majani chai na migomba unafika kwenye mto mdogo, na ng'ambo yake ni Nyamira. Watu wa huku na wa kule ni wa ukoo mmoja. Wanaoana, wanapeleka majani chai yao kwenye kituo kimoja, na siku ya Sabato wanakaa viti vya kanisa moja. Lakini kwa wenye kuhesabu, mto ule ni mpaka. Anayefia huku anaingia kwenye hesabu ya Kisii, anayefia kule ni wa Nyamira.

Baada ya Ogoti walikuja wengine. Mwanamke mmoja alipigwa mchi na mumewe, na Edinah akaandika shinikizo la damu. Mzee mmoja aliyesemwa kuwa mchawi alifungiwa ndani ya nyumba yake ikachomwa, na Edinah akaandika moto wa jikoni. Kila safari alikuwa na sababu: watoto wa yule mwanamke wangebaki na nani, wana wa yule mzee wenyewe walikuwa wameomba yaishe. Kufikia mwaka wa sita angeweza kuitazama shingo iliyovunjika na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama marehemu alikuwa na kifafa.

Mwezi wa pili mwaka 2022 manaibu wa chifu wa pande zote mbili za mpaka waliitwa kwenye mkutano katika ukumbi wa kanisa moja huko Keumbu. Aliyewaita ni Thadeus Omosa, kijana mpole wa takwimu za afya, aliyekuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Alikuwa amezipanga kata ndogo kumi na mbili za mpakani, sita za Kisii na sita za Nyamira, kila moja na mstari wake, ili waone watu wanakufa kwa nini, na kama hali ya miaka ya karibuni inapanda au inashuka. Malaria ilikuwa imeshuka pande zote. Vifo vya watoto wachanga navyo vilishuka. Pikipiki zilikuwa zimepanda. Kisha akaonyesha vifo vya kuuawa. Upande wa Nyamira, kata ndogo ya Job Angwenyi ilipanda mwaka hadi mwaka hadi ikafika juu ya zote. Mkabala nayo, ng'ambo ya mto tu, Riamoturi haikuwa na kitu. Miaka sita, hakuna aliyeuawa.

Watu walimpigia Edinah makofi. Thadeus alimwomba asimame awaeleze wenzake wanaishi vipi huko kwao. Edinah alisema kitu kuhusu baraza na maombi, akaketi haraka. Nyuma yake mtu mmoja alimtania Angwenyi kwamba upande wake wanakula nini hata wauane hivyo.

Wakati wa chai Angwenyi alimfuata nje. Alikuwa mwanamume mfupi wa miaka sitini na kitu, askari jeshi mstaafu, na hakuwa amekasirika.

"Mwaka jana Agosti nilipata kijana amekufa upande wangu wa mto," alimwambia. "Yule aliyeiba ng'ombe. Nilimwandika, ni wangu. Lakini damu nilifuata kwa miguu, na ilianzia kwako."

Edinah alilijua jambo hilo. Alikuwa amesikia kelele za watu wakimpiga mawe yule kijana, akabaki ndani akisubiri kuitwa, na alipoona hakuna anayemwita alishukuru.

"Siyo wewe peke yako," Angwenyi aliendelea. "Ila mimi ndiye ninayeulizwa."

Kati ya Krismasi iliyokuwa imepita na Pasaka ya mwaka huo, kifo kilipita mara tatu katika boma la Ogari, mkulima wa chai mwenye kinu cha kusaga mahindi. Kwanza alikufa ndugu yake, figo zimekwisha. Kisha mke wa mwanawe alivuja damu wakati wa kujifungua. Wa tatu alikuwa mjukuu wake wa miaka minne, na huyo aliuawa na nimonia. Vyote vitatu Edinah aliviandika kama vilivyokuwa, kwa sababu hapakuwa na cha kuficha.

Yule mtoto alizikwa siku ya Jumatano. Edinah alikuwepo, na mumewe, ambaye ni fundi wa kuchonga mawe ya ujenzi, alikuwepo pia. Mchungaji alipomaliza, Ogari aliomba kusema. Hakupaza sauti. Aliwaambia watu kwamba hataki kusingizia mtu, anataka wahesabu tu.

"Kwangu watatu tangu Krismasi," alisema. "Kwa Persis, pale chini, ana watoto saba, na tangu aolewe hajazika hata mmoja. Yeye mwenyewe ana miaka sabini na tisa, hajawahi kulala hospitali. Nyumba na nyumba zinapakana. Hesabuni wenyewe."

Ogari alikuwa ameziweka nyumba mbili kando kwa kando na kuuliza kwa nini moja haifanani na nyingine. Edinah mwenyewe alikuwa amepigiwa makofi kwa hesabu ya namna hiyo hiyo. Alianza kuwaambia watu kwamba yule mtoto alikuwa na nimonia, kwamba karatasi ya daktari aliisoma kwa macho yake, lakini wanaume walikuwa wameshaanza kuondoka makaburini bila kunawa mikono. Baadhi yao walikuwa bado na majembe ya kuchimbia kaburi. Mmoja wao alikuwa Duke, kijana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa shemeji yake. Edinah ndiye aliyemfundisha kushika penseli.

Alimwambia mumewe apige simu polisi, yeye mwenyewe akakata njia katikati ya majani chai. Matawi yalimrarua sketi na miguu. Alimkuta Persis ameketi mlangoni kwake juani, anaambua maharagwe kwenye ungo.

"Mama Zachariah, inuka twende," alimwambia. "Wanakuja."

Persis hakuuliza ni akina nani. Alitaka kuingia ndani ajifungie, lakini Edinah alikumbuka yule mzee wa moto wa jikoni, akamvuta mkono wakaelekea mtoni. Ng'ambo palikuwa na nyumba ya Angwenyi. Goti moja la Persis lilikuwa bovu, na mteremko ulikuwa na utelezi wa mvua ya asubuhi. Edinah alimshika kiunoni, akimbeba nusu, akimsukuma nusu. Nyuma yao walisikia mabati ya nyumba yakipigwa, kisha moshi ukaonekana juu ya migomba, kisha mtu akapiga yowe kwamba ameona kitu cha buluu kule chini. Ilikuwa leso ya kichwani ya Persis.

Wakawafikia kabla ya maji. Walikuwa tisa, na Edinah aliwajua wote kwa majina ya baba zao. Alisimama mbele ya yule mama akafungua mikono. Aliwaita mmoja mmoja. Aliwaambia kwamba anawaona, kwamba ni saa kumi mchana, na hakuna atakayesema kesho kwamba hakutambulika. Ogari alimwambia akae kando, aandike kama anavyoandika siku zote. Alilisema kama jambo la kawaida, na hilo lilimchoma Edinah kabla ya panga.

Aliyepiga alikuwa Duke. Huenda alitaka kumtisha tu aondoke. Mwenyewe alisema hivyo baadaye. Edinah aliinua mkono wa kulia na panga likaingia chini ya kiwiko hadi kwenye mfupa. Hakusikia maumivu, alisikia baridi. Alianguka kwa magoti, na mtu mwingine akampiga teke mbavuni, akabingirika hadi kwenye nyasi.

Kutoka pale aliona yote. Walimpiga Persis kwa jembe, kwa rungu, kwa mawe ya mtoni. Yule mama alilia mara ya kwanza na ya pili, halafu akaanza kulitaja jina la mwanawe wa kwanza, Zachariah, kana kwamba anamwita aje kula. Walimpiga mpaka sauti ikakatika, na baada ya sauti kukatika wakaendelea. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akilia machozi huku akipiga. Ogari alisimama pembeni, mikono mitupu, akitazama kama mtu anayesimamia kazi ya wengine. Walipochoka, walitulia wakihema, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Duke alikuwa ameshakimbia.

Edinah alizimia. Alizinduka siku ya pili katika hospitali, mkono umefungwa hadi begani, mbavu mbili zimevunjika. Mumewe alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alimweleza kwamba polisi walifika jioni wakakuta nyumba ya Persis ni majivu, lakini maiti haikuwepo. Ilipatikana asubuhi ng'ambo ya mto, imelazwa kwenye mchanga wa upande wa Nyamira.

Mchana Chifu Anyona alikuja kumtazama, na matunda kwenye mfuko. Alikuwa na Zachariah, aliyefika kutoka Kericho. Chifu aliongea kwa upole. Alisema mambo yamekuwa mabaya, lakini Mungu amefungua njia. Yule mama amepatikana kwa Angwenyi, na Angwenyi atamwandika kama anavyowaandika wote. Itakuwa ni kesi ya Nyamira, wauaji hawajulikani. Kuhusu mkono, Edinah atasema aliteleza na panga lake mwenyewe akikata nyasi za ng'ombe.

"Sikuambii uandike uongo," alisema. "Safari hii huandiki chochote. Unanyamaza tu."

Edinah alimtazama Zachariah. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, amevaa koti la kazini, macho yamevimba. Alitarajia atakataa. Lakini Zachariah alisema kwa sauti ya chini kwamba ana ndugu wawili wanaolima pale, na wao wana watoto. Wakishitaki, mtoto mwingine akiugua kwa Ogari, watakuja kwa nani? Alimwomba Edinah, akimwita mama ingawa walilingana umri, awaache wamzike mzee wao kimya kimya.

Walipoondoka aligeuza uso ukutani. Alifikiri juu ya Duke. Alifikiri juu ya shemeji yake, mama Duke, aliyempikia uji siku zote arobaini za uzazi wa mtoto wake wa mwisho. Alijua kunyamaza kulivyo rahisi, maana amekuwa akikufanya kwa miaka sita, na watu wamekuwa wakimheshimu.

Jioni simu iliita. Ilikuwa Angwenyi. Alimpa pole kwanza, akauliza juu ya mkono. Kisha akasema, "Mwili uko kwangu na kitabu kiko mbele yangu. Mimi sikuona. Niambie wewe, alifia wapi?"

Edinah aliibana simu sikioni kwa mkono wake mzima.

"Alifia kwangu," alisema. "Hatua arobaini kabla ya maji. Ni wa Riamoturi. Aliuawa, na waliomuua nawajua."

Polisi walikuja wodini siku iliyofuata. Aliwatajia majina tisa, na la Duke lilikuwa la pili. Ofisa aliyekuwa akiandika alisimamisha kalamu alipomweleza uhusiano wao, akamuuliza kama ana hakika. Alisema ana hakika. Kisha akawaambia kwamba nyumbani, chini ya kitanda, kuna vitabu vya zamani vya vibali vya mazishi. Akawataja Ogoti, yule mwanamke wa mchi, na mzee aliyechomwa, na akaeleza alichoandika na alichokiona. Akamtaja na yule kijana wa ng'ombe, ambaye hakuwa amemwandika popote. Ofisa alimwonya kwamba hapo anajishitaki mwenyewe. Alijibu kwamba hilo analijua.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa vita. Alirudi nyumbani akakuta migomba yote ya mbele imekatwa kwa kiwango cha goti. Kaburi la Ogoti lilifukuliwa, fuvu likapelekwa kuchunguzwa, na kaka yake mkubwa akakamatwa. Mama yao alikuja hadi mlangoni kwa Edinah, akapiga magoti kana kwamba anaomba, kisha akamtemea mate usoni. Sabato moja, wakiwa kanisani, mtu aliingia zizini akamkata ng'ombe mishipa ya miguu ya nyuma. Walimkuta amelala anajaribu kusimama kwa miguu ya mbele. Mumewe alimchinja, akanoa kisu, akaenda kuketi nyuma ya nyumba hadi jua likazama. Hakumlaumu Edinah hata siku moja, lakini kwa miezi mingi hakuwa na maneno mengi. Kanisani kiti chao kilibaki na nafasi kila upande.

Kazini alisimamishwa, halafu akafukuzwa kwa kuandika habari za uongo katika kumbukumbu za serikali. Alipousoma ule waraka aliona kwamba ni haki, akaukunja. Chifu Anyona alihamishwa, kisha naye akaitwa mahakamani kama shahidi na kusahau karibu kila kitu.

Thadeus Omosa aliitisha mkutano mwingine. Edinah hakualikwa, ila Angwenyi alimsimulia. Mstari wa Riamoturi sasa ulikuwa mrefu kupita mingine yote kumi na moja, na mkubwa mmoja alisimama kwa hasira kuuliza ni wazimu gani umewaingia watu wale ghafla. Thadeus alimweleza kwamba si ghafla, vifo vingine kati ya hivyo vina miaka sita. Alitaka vitabu vya kata zote vikaguliwe upya. Manaibu watatu wa upande wa Kisii na mmoja wa Nyamira walitoka nje kabla ya chai, wakamwacha akiongea.

Kesi ya Persis ilichukua miaka mitatu. Edinah alitoa ushahidi siku mbili mfululizo. Wakili wa Ogari alimuuliza, mwanamke aliyekiri kudanganya serikali mara tatu aaminiwe vipi mara ya nne. Alijibu kwamba asiaminiwe yeye, wautazame mkono. Aliyeukata ubishi kabisa alikuwa Duke. Alikuwa amejificha Narok miezi minane, akarudi kwa miguu yake hadi kituoni, akakubali kosa la kumjeruhi Edinah, na akasema mbele ya jaji mambo yale yale aliyoyasema Edinah, kwa mpangilio ule ule. Ogari na wengine watano walipatikana na hatia. Wawili hawajapatikana mpaka leo. Duke alipewa miaka saba.

Siku ya hukumu Zachariah alikuwepo na ndugu zake wote sita. Walimzunguka Edinah nje ya mahakama, wakamshika mkono mmoja mmoja, bila kusema juu ya lile alilomwomba hospitalini.

Sasa Edinah anachuma majani chai yake kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haupandi kupita kifua, na vidole viwili havina hisia. Miaka yote hiyo kwa shemeji yake hakukanyaga, wala shemeji hakukanyaga kwake, ingawa nyua zao zinagusana. Wakikutana njiani mmoja alikuwa akigeukia migomba.

Juzi asubuhi, Edinah akiwa shambani, mama Duke alikuja na kikapu chake mgongoni, akaingia mstari wa pili akaanza kuchuma. Hawakusalimiana. Walifanya kazi hivyo kwa karibu saa nzima, wakisikilizana pumzi. Ndipo mama Duke akasema, bila kuinua kichwa, kwamba alikuwa gerezani Jumapili.

"Anauliza kama mkono wako ulipona."

Edinah alichuma kitita kingine akakitupa kikapuni.

"Mwambie haujapona," alisema. "Ukienda tena nitakuja nawe, auone."

Mama Duke alifuta uso kwa kanga yake. Alisema atakwenda mwezi ujao, tarehe nne, na gari la kwanza. Wakaendelea hadi mwisho wa mstari.